Nani Atanisemea

Isansa, Mbozi
14 Juni 1976

Mwanangu Roda,

Pokea salamu wewe, mumeo, na wajukuu wangu Mwasiti na Ramadhan. Sisi huku tupo. Kahawa imeiva yote kwa mpigo na kaka yako Andongwisye hana watu wa kutosha. Mkewe Marita anachuma mtoto akiwa mgongoni. Mahindi si haba. Kijiji kimepata mwenyekiti mpya, ambaye nilimfundisha darasa la tatu, na hata wakati ule alipiga kelele nyingi bila kujua jibu. Baba yako mdogo Boazi mguu umepona, ameanza tena kutembelea nyumba za watu saa ya chakula.

Sasa jambo lenyewe. Ule mkwaruzo wa koo niliokuambia wakati wa Pasaka si mafua. Andongwisye alinipeleka Mbeya. Daktari akanitia kioo kinywani, akatazama, akanawa mikono, akaniambia kwa adabu kwamba nina kansa ya koo. Wanaweza kunipeleka Dar es Salaam nikakatwe, nitobolewe hapa chini ya kikoromeo, niwe napumulia tundu. Nikamwuliza, nitapona? Akasema, utaongeza muda. Nikamwuliza, muda wa kufanya nini? Akacheka, kisha akaona sitanii.

Nimekataa. Nimeshapita sabini, na nimekataa nikiwa na akili zangu.

Kinachonikasirisha si kansa, ni kile ninachojua kitafuata. Sauti inaondoka. Asubuhi huwa ipo, jioni Marita analazimika kuinamisha sikio. Siku itakapokwisha kabisa, unajua tunavyofanya: mgonjwa analazwa ndani, ukoo unakaa nje kwenye vigoda, na huko nje ndiko anakoamuliwa. Hakuna anayeingia kumwuliza. Nimekaa kwenye vikao hivyo tangu ujana wangu, na mara nyingi mimi ndiye niliyesema wa kwanza, "Apelekwe," wakaitikia wote kwa sababu mwalimu amesema. Boazi ameshaanza. Juzi nilimsikia nyuma ya nyumba akimwambia Andongwisye, "Tukimwacha afie hapa watu watasema tumemtupa." Hakusema mimi nataka nini. Alisema watu watasema nini.

Nataka mtu mmoja atakayesimama mlangoni na kusema nilivyosema mimi. Andongwisye ni kijana mwema, lakini Boazi akikohoa tu, yeye anakubali. Nakutaka wewe. Najua wewe ni binti, umeolewa, tena na mtu wa Ujiji ambaye ndoa yake sikuihudhuria. Watasema binti hasemi kwenye kikao. Waseme. Wewe tangu utoto hukuwahi kumwogopa mtu, hata pale ilipokupasa.

Nisikatwe. Nisipandishwe gari. Nilale chumbani kwangu, dirisha wazi. Ninyweshwe uji mpaka utakapogoma kupita, halafu maji kwa kijiko, halafu mnilowanishe midomo. Mganga wa zahanati anayo dawa ya maumivu. Aniletee, wala asiifanyie ubahili.

Nijibu upesi. 

Baba yako,
Nathanaeli


Mpemba
2 Julai 1976

Baba,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Mwasiti ameng'oka meno ya mbele na anakataa kucheka. Treni mpya zinapita karibu na nyumba, vyombo vinatetemeka kabatini. Seleman amerudi na lori kutoka Zambia, anakusalimu, ingawa kwenye barua yako umemwita "mumeo" na "mtu wa Ujiji". Ana jina.

Nilisoma barua yako nikalia. Nikaisoma tena nikakasirika, na hadi leo niko hapo hapo kwenye hasira.

Siwezi. Unaniomba nisimame mlangoni nizuie watu wasikuokoe. Nani alizunguka Isansa nzima kwa baiskeli akiwagombeza waliowaficha wagonjwa ndani? Nani alimwambia bibi Tabita mbele ya kanisa zima kwamba amemuua mjukuu wake kwa kumchelewesha hospitali? Ni wewe, baba. Yule bibi alikaa mwaka mzima bila kuja ibadani. Leo zamu imekufikia wewe, ndiyo unagundua uzuri wa kulala chumbani na dirisha wazi?

Na mama je? Mama hakwenda shule. Kiswahili chake kilitosha kununua chumvi. Lakini daktari alipotaka kumpasua tumbo, alikubali. Mimi nilikuwa bwenini, na ni wewe uliyeniandikia: "Mama yako alikubali kwa moyo mkuu." Maneno hayo nimeishi nayo. Nilipokuwa namzaa Ramadhan, amekaa vibaya, mkunga ananiambia lazima nipasuliwe, niliyashika maneno hayo kwa meno. Mama alikubali, na mimi nitakubali.

Wewe ni mwanamume, tena msomi, na unakiogopa kisu kuliko alivyokiogopa yeye. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Seleman anasema lori lipo. Taja siku tu.

Binti yako,
Roda


Isansa
20 Julai 1976

Roda,

Wasalimu watoto. Kahawa inaanikwa. Marita ana homa lakini bado anatembea.

Nilikuomba jambo moja ukanijibu kwa mahubiri. Mahubiri hayo nayajua, niliyatunga mimi.

Kuhusu mama yako: usimtaje katika jambo hili. Usimtumie kunipiga. Sitaeleza kwa nini, na usiniulize.

Lori lenu libebe mahindi.

Baba yako


Mpemba
19 Agosti 1976

Baba,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako imechelewa karibu mwezi mzima, na imenifikia ikiwa imefunguliwa. Uliikabidhi kwa baba mdogo aipeleke kwenye basi, naye akaisoma kwanza, kisha akatia na yake ndani. Anasema uji mzito haupiti tena na akili yako imeanza kuyumba. Akili haijayumba, kwa jinsi ulivyonitukana. Lakini habari ya uji naiamini.

Halafu unaniambia nisimtaje mama. Nisimtaje kwa nini? Mama ni wa nani, ni wako peke yako?

Nakuja na lori. Usijibu.

Roda


Isansa
6 Septemba 1976

Roda,

Nakusalimu kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuanza barua, na ndivyo nilivyowafundisha wengine. Marita amepona. Watoto wa hapa wanakuulizia. Sauti yangu sasa ni pumzi tu, kwa hiyo itabidi kalamu ndiyo ipige kelele.

Ulikuja na godoro limetandikwa nyuma ya lori. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Boazi alikuwa amevaa koti lake la kanisani kwenye jua lile lote. Akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwalimu! Umewaswaga watoto wetu wote kwenda kuchomwa sindano, leo wewe umejificha uvunguni?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana kweli ilikuwa kweli.

Kisha ukaingia, ukapiga magoti, ukaleta sikio lako hapa mdomoni. Nilikuambia kwa Kinyiha, "Siendi, mwanangu. Niache hapa." Ulisikia. Nilikuona usoni kwamba umesikia. Boazi akauliza, "Anasema nini?" Nawe ukageukia mlangoni ukawaambia, "Amekubali."

Sikuwa na sauti ya kukukanusha. Nilitikisa kichwa kwa nguvu zangu zote, nanyi mkaona mzee anayetetemeka. Andongwisye akanishika miguu, hanitazami. Marita akasema, "Jamani, mbona kama anakataa?" Boazi akamwambia akachemshe maji.

Mengine unayajua, lakini nitayaandika ili uyasome kwa mkono wangu. Nililigonga bati la lori kwa fimbo, nikaligonga, hadi Seleman akasimama kabla hatujafika barabara ya lami. Alipanda nyuma. Hakukuuliza wewe wala Boazi. Aliniuliza mimi. "Mzee, unataka kwenda?" Nikatikisa kichwa. "Unataka kurudi nyumbani?" Nikaitikia. Wewe ukapiga kelele, "Seleman, endesha gari!" Naye akakujibu kwa upole kabisa, "Mama Mwasiti, mimi kazi yangu ni kubeba mizigo. Mzigo hauniambii hapana." Akageuza lori.

Ndiye mtu ambaye sikuihudhuria ndoa yake. Mwambie kwamba nimeandika hivyo.

Baada ya hapo nilikaa na hasira ambayo haikuniacha nilale. Niliandika ukurasa mzima nikikuambia kwamba umenifanyia unyama. Nikauchana. Neno lile ulilosema mlangoni hukulianza wewe. Nililianza mimi, na sasa nitakueleza kwa nini nilikukataza kumtaja mama yako.

Mama yako hakukubali.

Yule daktari wa misheni alikuwa mgeni, Kiswahili chake kilikuwa cha kuamkiana tu. Mama yako alikuwa na Kinyiha chake. Katikati ya kitanda na daktari nilisimama mimi, mwenye lugha zote, na kila neno lilipitia kwangu. Mjomba wako Lusungu alikuwa pale mlangoni na kikapu cha chakula, lakini Kiingereza kwake kilikuwa kama kelele za ndege. Daktari alieleza: uvimbe umeshika sana, akipasuliwa huenda akapona, huenda asipone, asipopasuliwa hatakaa muda mrefu. Nikamweleza mama yako yote, sikuficha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwambie asinikate. Nimechoka. Nirudishe nyumbani nikawaone watoto wangu."

Daktari akauliza, "Anasema nini?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kizuri, bila kusita, kwamba amekubali.

Usije ukadhani nilifanya kwa upendo. Upendo ulikuwepo, lakini si wenyewe uliosema. Aliyesema ni mwalimu. Nilikuwa nimemsimamisha Tabita kanisani miezi michache tu kabla ya hapo. Ningerudije Isansa na mke wangu mwenyewe ili afie kitandani, watu wakanitazama? Tena kuna baya kuliko hilo. Nilimwona kama mtoto aliyekosea hesabu. Mimi nimesoma, yeye hakusoma, kwa hiyo ile hapana yake niliiona kuwa ni ujinga. Nilimsahihisha, Roda. Nilichukua jibu lake nikaandika langu juu yake, kama nilivyozoea kufanya kila siku ya kazi.

Hakurudi nyumbani. Hakuwaona. Alifia wodini, na mimi nikakaa nikakuandikia kwamba alikubali kwa moyo mkuu. Hilo la moyo mkuu niliongeza ili barua ipendeze.

Sikuombi unihurumie. Nimekuambia ili ujue ulichokisema pale mlangoni ni kitu gani. Nawe bado una nafasi niliyoipoteza mimi, kwa sababu mimi sijafa. Bado nakutaka wewe usimame pale. Sasa kuliko mwanzo.

Baba yako,
Nathanaeli


Mpemba
21 Novemba 1976

Baba,

Shikamoo. Ramadhan ameanza kusimama. Seleman yuko safari.

Sikukuandikia Septemba wala Oktoba kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mtu hamtukani baba yake kwa maandishi. Sasa naandika kwa sababu Marita amenitumia habari kwamba hata maji yanakupalia.

Ulinitengenezea mama wa uongo. Yule niliyemshika siku ya kumzaa Ramadhan hakuwahi kuwepo. Wa kweli alikuwa amelala mahali anataka kutuona, na wewe ukamfungia huko kwa Kiingereza chako kizuri. Nilikuwa shule ya bweni, mwendo wa siku moja. Ningefika. Hukuniita. Nilidhani hukuniita kwa sababu ya mitihani yangu! Hivyo ndivyo ulivyosema, na nilikushukuru!

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba siwezi hata kukuchukia sawasawa. Nikianza tu, naliona lile godoro. Nilikusikia, baba. Nilikusikia vizuri kabisa. "Niache hapa." Nikageuka nikasema nilichosema, na moyoni nilijiona mtoto mwema. Nilijiona namwokoa baba yangu. Umenifanya mwenzako katika jambo ambalo sikujua ni jambo gani.

Nina swali moja, ambalo umelizunguka. Baada ya kupasuliwa, mama alizinduka? Alisema nini? Niandikie ilivyokuwa, wala barua isipendeze.

Na umwite mjomba Lusungu umwambie. Ni dada yake.

Roda


Isansa
12 Desemba 1976

Mwanangu Roda,

Salamu kwa wote. Marita amenishikia ubao, ndiyo maana mistari imekwenda upande.

Alizinduka. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Ulimwambia nini?"

Nikamjibu, "Nilimwambia ulivyosema."

Akanitazama. Akasema, "Basi." Tangu hapo alizungumza na manesi, na Lusungu, na mwanamke wa kitanda cha jirani. Mimi hakunisemesha tena. Watu walipoona hasemi nami, walidhani ni maumivu. Niliwaacha wadhani hivyo.

Lusungu alikuja. Nilimwandikia, lakini yeye hasomi, ikabidi Andongwisye amsomee kwa sauti, kwa hiyo kaka yako naye amejua, na Boazi alikuwepo. Andongwisye alifika katikati akakwama. Lusungu akamwambia, "Soma yote, kijana, usinipunguzie." Yalipokwisha alichukua kofia yake. Akaniambia, "Nilikuwa na kikapu mkononi. Ningembeba mgongoni mpaka nyumbani. Ungeniambia tu, shemeji." Amesema hata kunizika hatakuja, na namwamini.

Lusungu alipoondoka, Boazi alinipigapiga bega akasema, "Ulifanya vema, Mwalimu. Mgonjwa hajui anachotaka." Katika wawili hao, huyu ndiye aliyeniumiza.

Ameitisha kikao cha ukoo baada ya Mwaka Mpya. Anasema ameongea na mwenyekiti, gari litapatikana. Wamenunua na blanketi jipya la safari. Sasa naweza kunong'ona kidogo sana, kwa mtu wa karibu tu.

Siwezi kuendelea.

Baba yako


Mpemba
2 Januari 1977

Baba,

Shikamoo. Watoto wazima, Seleman mzima. Mimi sijui nikoje.

Nampa kondakta barua hii itangulie. Mimi nafuata Alhamisi, kwa basi. Lori nimeliacha hapa makusudi, mtu asije akapata wazo.

Seleman aliniuliza jana nakuja kufanya nini. Nikamwambia, kukalimani. Akasema, "Hiyo kazi ngumu kuliko udereva." Nikamwambia anyamaze.

Kikao kikikaa nje, mimi nitakaa ndani na wewe, mlango wazi. Baba mdogo atakapouliza unasema nini, nitainama nisikilize. Ukisema hapana, nitawaambia hapana, na nitaisema kwa sauti mpaka yule mwenyekiti wako wa darasa la tatu aisikie kokote atakakokuwa. Wakisema binti haongei kikaoni, nitawaambia siongei mimi, unaongea wewe. Wakileta blanketi lao nitalikalia.

Lakini usinielewe vibaya. Siji kuwa upande wako. Ukibadilika, ukaogopa, ukataka Dar es Salaam na kisu na tundu, nitawaambia unataka, na Seleman nitamwita, na sitakukumbusha barua hizi. Ukisema uji una chumvi nyingi, nitautangazia ukoo wote kwamba uji una chumvi nyingi. Sitaongeza moyo mkuu. Sitasahihisha kitu. Mama alistahili mtu wa namna hiyo na hakumpata. Wewe hustahili, na utampata.

Usidhani nimekusamehe. Ukitaka kuniuliza, uniulize wewe mwenyewe, tukiwa wawili tu, na ujue kwamba hapo sikalimani mtu yeyote. Jibu langu kwa leo ni hapana. Lichukue kama nilivyolisema.

Binti yako,
Roda